Agosti ya Wajomba

Wazo la Agosti lilikuwa langu. Naliandika mapema ili msomaji asije akalitafuta kwa mtu mwingine.

Tulikuwa gadi kumi na wawili kwenye treni za abiria zinazopeleka watu kazini Nairobi asubuhi na kuwarudisha jioni. Gadi ni mtu wa behewa la mwisho. Treni ikisimama anashuka, anatazama milango yote, anapuliza filimbi, anainua bendera ya kijani, na dereva haondoki mpaka aione. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kumi na mmoja wetu tulitoka Bungoma, kwa sababu zamani aliyekuwa akiandika watu kazi alikuwa wa kwetu na aliandika aliowajua. Wa kumi na mbili alitoka Kitale. Wazazi wake walihamia huko kutoka upande wa kati wa nchi, wakanunua shamba, na yeye alizaliwa hapo kati ya mahindi. Aliingia kazini wiki moja na mimi. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, na familia yake, mke na mabinti wawili, waliishi katika nyumba ya kampuni. Ukifukuzwa kazi, nyumba unaiacha mwezi huo huo. Jambo hilo kila mmoja wetu alilijua.

Mwanzoni mwa mwaka kampuni ilibandika tangazo kwenye ubao wa zamu. Treni zingeanza kuendeshwa na dereva peke yake, kamera zingetazama milango, na gadi "watapangiwa majukumu mengine kadiri ya mahitaji". Maneno hayo matatu ya mwisho tuliyasoma mpaka yakakosa maana. Chama chetu cha wafanyakazi kilitaka mgomo, mahakama ikauzuia kabla haujaanza. Ndipo tukajaribu kufuata kanuni jinsi ilivyoandikwa. Kanuni inasema gadi ahakikishe kwa macho kwamba kila mlango umefungwa, basi sisi tukatembea urefu wote wa treni katika kila kituo, tukigusa mlango mmoja baada ya mwingine. Treni zilichelewa kama tulivyotaka, lakini abiria walitutukana sisi, hawakuitukana kampuni. Mama mmoja mwenye kapu la sukuma wiki alitoa kichwa dirishani akaniuliza, "Wewe mzee, unahesabu milango umeinunua?" Behewa zima likacheka. Baada ya wiki mbili tuliacha.

Pasaka ilipofika wengi tulikuwa nyumbani, tukakutana Bungoma katika ukumbi mdogo wa kanisa, si mbali na stesheni. Mimi nilikuwa katibu wa tawi na kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Siku hiyo niliweka kalamu chini nikaomba kusema.

Kwetu vijana hutahiriwa Agosti, mwaka wa shufwa, na huo ulikuwa wa shufwa. Siku moja kabla ya kisu, kijana huenda kwa ndugu ya mama yake. Mjomba huchinja ng'ombe, hukata ukanda wa nyama ya kifuani na kumvisha kijana shingoni. Kijana akirudi kwao na shingo tupu, husemwa vibaya mpaka awe mzee. Hakuna bosi wa reli aliyewahi kumnyima mjomba likizo. Ila miaka yote tulikuwa tukipokezana, wawili wakienda, wawili wakirudi.

"Mwaka huu tusipokezane," nikasema. "Twende wote, likizo ya wiki tatu, tuianze siku moja. Huo si mgomo. Mahakama gani itazuia wajomba?"

Watu walipiga makofi. Mmoja akasimama akajishika kiuno kama bosi wetu wa zamu na kuiga sauti yake. "Ati wote ni wajomba? Hii reli ni yangu ama ni ya ng'ombe?" Tulicheka mpaka mlinzi wa kanisa akachungulia.

Si kwamba wote kumi na mmoja walikuwa na mpwa wa kutahiriwa. Lakini kwetu ujomba ni mpana. Ukikosa mpwa wa dada wa tumbo moja unampata wa ukoo, na ng'ombe utachinja vilevile. Aliyekosa kabisa alikuwa mwenzetu wa Kitale. Alinyoosha mkono akasema, "Mimi si mjomba wa mtu. Kwetu hiyo mambo ni Desemba, hospitali. Nitabaki, lakini bendera sitainua."

"Ukibaki treni moja itatoka," mtu akamjibu. "Na ikitoka moja, watapiga picha waseme kazi inaendelea."

"Watu wa Kitale, bana, mnaogopa kisu hata kikiwa cha mtu mwingine!"

Alicheka pamoja na wengine. Baadaye, nje, aliniambia hawezi kuandika kwa mkono wake kwamba ana mpwa Bungoma, kwa sababu mama yake alimlea kanisani na hajui hata jinsi ya kuanza sentensi hiyo. Nikamwambia sentensi si shida. Julai nilimwandikia barua hiyo mimi, juu ya goti, kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo. Mpwa nilimpa wa kwangu, mtoto wa dada yangu. Yeye alitia sahihi tu. "Nani atauliza?" nilimwambia, naye akanirudishia kalamu yangu.

Barua zote kumi na mbili tulizipeleka mwezi mzima kabla, kama kanuni ya likizo inavyotaka. Wala hatukuchelewa hata siku moja. Leo nikikumbuka ule unadhifu wetu naona ndipo tulipopotelea. Mtu anayetaka kumshtua mwenzake hamwandikii mwezi mmoja kabla kumwambia siku atakayokuja. Sisi tulimwandikia, kwa mwandiko mzuri, nakala mbili.

Siku ya kwanza ya likizo nilikuwa nyumbani, upande wa Bokoli. Njia zote zilikuwa na nyimbo. Ng'ombe wangu alikuwa amefungwa chini ya mti wa parachichi na nilikuwa nanoa kisu aliponipigia simu dereva mmoja tuliyefanya naye kazi miaka mingi. Madereva walikuwa na chama chao na hawakuwa upande wetu wala wa kampuni.

"Treni ya saa kumi na mbili imetoka," akasema.

"Imetoka vipi? Nani alikuwa na bendera?"

"Hakuna bendera. Kuna vijana wa vizibao vya kung'aa hapa jukwaani. Mlango ukifungwa wanainua mkono. Mimi naangalia kamera, naondoka."

"Umeondoka bila gadi?"

"Nimepewa barua, mzee. Nifanye nini nayo, niitafune?"

Niliuliza treni ya pili. Imetoka. Ya tatu? Ilichelewa dakika nne, akasema, na abiria hawakujua. Kisha akaniuliza sherehe inaendaje, nikasema inaenda vizuri.

Nilichinja. Kijana alikuja na watu wake, nikamvisha nyama, nikamsemea maneno makali anayosemewa kila kijana siku hiyo, kwamba kama ni mwoga arudi kwa mama yake. Watu walisema nimesema vizuri. Dada yangu alilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nawaza kuhusu jukwaa la kituo cha tatu, ambalo limejipinda, ambako dereva hawezi kuona behewa la mwisho hata akitoa kichwa nje. Nilijiambia pale ndipo watakapotuhitaji.

Kinachofuata naona aibu kukiandika. Kila jioni gadi wanne tunaotoka sehemu moja tulikutana sokoni kwenye benchi la fundi viatu, kila mtu na simu yake, tukingoja habari mbaya. Hakuna aliyesema anangoja nini. Tuliulizana tu, "Vipi huko? Hakuna kitu?" Mlango uliobana mkoba ungetosha, au treni iliyopita kituo. Mmoja wetu alisema tunataka mkoba tu, bila mtu, na tukaitikia haraka kama waumini. Lakini siku ya tano, siku ya sita, nadhani kila mmoja alikuwa ameanza kuweka mkono wa mtu kwenye ule mkoba. Mimi niliuweka. Kumi na tisa ni miaka mingi ya kuangalia watu wasiumie, na wiki moja ilitosha kunifanya nikasirike kwamba hawajaumia.

Hakuna kilichotokea. Wiki tatu treni zilikwenda na kurudi. Mwisho wa Agosti kampuni ilitoa waraka kwamba majaribio ya kuendesha treni kwa dereva peke yake yamefaulu. Ni sisi tuliowapa majaribio hayo. Wao wangehitaji kibali, mazungumzo na chama, pengine mwaka mzima wa kuvutana, ili kutuondoa kwenye treni kwa wiki tatu na kuona kitakachotokea. Tulijiondoa wenyewe.

Waraka ulikuwa na aya ya mwisho. Barua za likizo zitahakikiwa nyumbani kwa kila mfanyakazi kabla hajarudi kazini, na atakayekutwa amedanganya atafukuzwa.

Afisa aliyetumwa alikuwa gadi zamani, mwenzetu, kabla hajapandishwa cheo. Bungoma alipita nyumba kumi na moja kwa siku tatu. Kila alipofika alionyeshwa kijana anayeuguza kidonda na ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, akapewa chakula, akaandika, akaenda. Kwangu alikula vizuri. Akiondoka alisema, "Sasa nimebakiza Kitale." Hakuniangalia aliposema hivyo.

Asubuhi yake nilidamka kwenda Kitale kumwonya mwenzetu, lakini afisa alikuwa na gari la kampuni. Nyumbani kwa mwenzetu ni mbele kidogo ya Kipsongo, mahali mabati yanapoisha na mashamba yanaanza. Nilikuta gari limeegeshwa kando ya turubai la maharagwe yaliyoanikwa. Ndani, afisa alikuwa ameketi na kikombe cha chai mkononi, mwenzetu mbele yake, na mama yake mzee amesimama na birika. Mama alifurahi kuniona. Alinijua tangu ujana wetu wa kazi. Aliniwekea kiti na kikombe, akanimiminia.

"Shosho," afisa alimwambia bibi huyo kwa upole, "huyu kijana wako alikuwa na sherehe Bungoma Agosti hii? Amekuwa mjomba?"

"Mjomba wa nani?" Mama alicheka. "Binti zangu wote wameolewa hapa hapa Kitale. Watoto wao walienda hospitali, Desemba, tukawaombea, ikaisha. Bungoma atafuata nini? Huyu mwezi wote alikuwa hapa, amenitengenezea ghala."

Akaonyesha mlangoni ili tuione ghala. Tuligeuka sote tukaitazama. Ilikuwa imetengenezwa vizuri.

Afisa aliandika mstari mmoja, kisha akatoa barua kwenye faili na kuiweka mezani. "Huu si mwandiko wako," akamwambia mwenzetu. "Tumejaza kitabu cha safari pamoja miaka sita, naujua mwandiko wako. Na huu pia naujua." Alinywa chai. "Lakini mimi kujua si ushahidi. Lazima wewe useme. Ukisema fulani wa chama alikuandikia, alikushurutisha, basi wewe ni mtu aliyedanganywa. Utapewa onyo, utabaki na kazi yako na nyumba yako. Nitarudi na jina moja badala ya lingine. Kwangu ni sawa."

Mwenzetu hakuniangalia. Nilitaka aniangalie, kwa sababu nadhani angeniangalia ningesema. Aliangalia barua.

"Niliandika mwenyewe," akasema.

"Si mwandiko wako."

"Mkono ulikuwa unauma."

"Mkono upi?" Mama yake aliuliza kwa wasiwasi, akaweka birika chini. "Mbona hukuniambia? Uliuma lini?"

Kwa haki yake naandika kwamba afisa alinigeukia na kuniuliza, "Na wewe, mzee? Una la kusema, au umekuja kunywa chai?"

Nilisema nimekuja kumjulia hali Mama.

Alifunga faili, akashukuru kwa chai, akaondoka. Tulibaki watatu. Mwenzetu alinisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa, na njia nzima tulizungumza kuhusu mahindi, kwamba mwaka huo yalikuwa yamebeba.

Barua ya kumfukuza ilitoka baada ya wiki mbili. Alikata rufaa kupitia chama, na Oktoba chama kikatuita tena Bungoma, katika ukumbi ule ule. Yeye hakualikwa kwa kuwa hakuwa tena mfanyakazi. Ofisa wa chama alitoka makao makuu na makubaliano yaliyokwisha kuchapwa. Gadi kumi na mmoja wangehamishiwa kwenye milango ya tiketi na majukwaa, bila kupunguziwa cheo. Treni zingeendelea na dereva peke yake. Na chama kingeondoa rufaa ya yule wa Kitale.

"Kesi ya uongo itaharibu zenu," akasema.

"Hata zetu, mkubwa, nusu ni wajomba wa kutafuta," mmoja wetu akasema, na watu wachache wakacheka.

"Zenu zina ng'ombe. Yake ina nini?"

Kicheko kikaisha. Mtu aliuliza kama tunaweza kukataa makubaliano yote. Ofisa alisema tunaweza, na kwamba hapo tutakuwa kumi na wawili nje badala ya mmoja, na kampuni haitasikitika. Mwingine, aliyekuwa amecheka sana ile Pasaka, alisema kwa sauti ya chini kwamba huyo mtu alilazimishwa na sisi. Hakuna aliyebisha. Ofisa akasema anaelewa, ni jambo la kuhuzunisha, na tupige kura.

Nilikuwa na nafasi ya kusema barua niliiandika mimi. Wote walijua. Ofisa huenda hakujua. Niliwaza kuhusu watoto wangu, kama kila mtu anavyowaza, na niliwaza pia, nikijiona mwerevu, kwamba nikibaki ndani nitaweza kumsaidia kuliko nikiwa nje. Mikono kumi na mmoja iliinuka. Katibu wa tawi huhesabu mikono na kuandika idadi, kwa hiyo niliinua wa kushoto, wa kulia ukiwa na kalamu. Niliandika: kumi na mmoja, hakuna aliyepinga.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kitale kumwambia mwenyewe. Mke wake na mabinti walikuwa wamekwisha kuja na vitu vyao. Makochi yalikuwa nje, yamefunikwa turubai, kwa sababu nyumba ya mama ni ndogo. Yeye nilimkuta shambani akivunja mahindi. Nilimweleza kwa mpangilio, ofisa alisema nini, nani aliuliza nini. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Mlipiga kwa mikono ama kwa karatasi?"

"Mikono."

"Wangapi?"

Nikamwambia. Alitupa hindi kwenye rundo, akachukua jingine. Nikasema bado ninaweza kwenda kwa kampuni, niwaambie mwandiko ni wangu.

"Sasa?" Aliniuliza kama mtu anayeuliza saa. "Sasa utawaharibia wale kumi. Siku ile ya chai ingefaa."

Nikaanza kuvunja mahindi pamoja naye, mstari wa pili. Tulifanya hivyo mpaka mchana. Hakunikataza. Hakusema nami tena isipokuwa mara moja, kuniambia niache bua linalofuata kwa kuwa lilikuwa bado bichi.

Nilipokuwa naaga, mama yake alinishika mkono mlangoni na hakuuachia. Alikuwa amekonda. Aliniambia halali vizuri, kwamba ni mdomo wake uliomfukuzisha mwanawe kazi, kwamba angejua lile swali lilikuwa la nini angesema amesahau, ni mzee, wazee husahau.

"Ameniambia wewe ulimpigania mpaka mwisho," akasema. "Mungu akubariki. Ni mimi niliyemwangusha."

Mwanawe alikuwa hatua chache nyuma yetu, anakung'uta makapi kwenye shati. Alisikia. Hakuinua kichwa.

"Si wewe, Mama," nikasema.

Alinitazama usoni akingoja nimwambie ni nani.

Nikamwambia ni kampuni.